Bei ya Kibanja cha Ng'ambo Siyo Ile Uliyotajiwa



Leo tuweke pembeni kidogo habari za katiba mpya na tume huru, tuongee hela. Kuna kitu kinatembea sana kwenye magrupu yetu hapa Kyerwa na Karagwe: picha za viwanja na nyumba za Uganda. "Kibanja kinauzwa Masaka." "Nyumba vyumba vitatu Mbarara, bei ya kutupwa." Kijana kauza kahawa, au kapiga kazi Kampala miaka minne. Anaona bei, anaigeuza kwa shilingi yetu, anasema hii naiweza. Wapo wenzetu ambao tayari wameshatoa malipo ya awali. Siwacheki. Mtu anayetafuta pa kulaza ubavu hachekwi.

Ila nasema hivi: bei unayotajiwa ni kiingilio tu. Gharama kubwa kuliko zote ni kwamba kule wewe siyo raia, na dalali hawezi kukuandikia hiyo kwenye tangazo.

Tuanze na neno lenyewe, kibanja. Kwetu kibanja ni shamba la migomba na kahawa lenye nyumba ndani yake, lenye makaburi ya babu. Kikiwa chako ni chako. Ukifika Masaka au Kampala, neno ni lile lile, maana siyo hiyo. Kule ardhi nyingi ni ya mailo, mfumo uliotokana na mkataba wa Waingereza na Buganda wa mwaka 1900. Mwenye hati ni mtu mmoja, mwenye kibanja ni mpangaji anayekaa juu ya ardhi ya huyo mtu na kumlipa busuulu kila mwaka. Akitaka kuuza, sheria inamtaka kwanza ampe nafasi mwenye ardhi. Sasa wewe mtoto wa Mabira unasikia "kibanja", kichwani unaona shamba la baba yako, kumbe unanunua upangaji. Babu zetu waliteseka na nyarubanja mpaka ikafutwa miaka ya 1960. Sisi wajukuu tunavuka mpaka na hela mkononi kwenda kutafuta mfano wake!

Pili, hata huo upangaji siyo wako kisheria. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 na Sheria yao ya Ardhi ya mwaka 1998 zinasema asiye raia anaweza kupata ardhi kwa kukodishwa tu, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Na ukikodishwa kwa miaka mitano au zaidi, ukodishaji huo lazima usajiliwe. Kwa hiyo mtu akikwambia anakuuzia moja kwa moja, "yako na wanao milele", ama haijui sheria ya kwao, ama anaijua na anakupiga.

Ndiyo maana wengi wanaambiwa, "Andika tu jina la rafiki yako Mganda." Au jina la mke. Hapo umenunua nyumba ya rafiki yako. Siku mkikosana, siku akifa na watoto wake wakatoa hati kabatini, utasimama mahakamani kueleza nini? Kwamba mlikubaliana kuizunguka sheria?

Tatu, gharama za njiani. Mwanasheria wa kupekua hati kwenye ofisi ya ardhi. Mpima wa kuhakikisha mipaka. Ushuru wa stempu, ambao unakokotolewa kwa thamani anayoitaja mthamini wa serikali, siyo kwa bei mliyopatana ninyi wawili. Mwenyekiti wa kijiji, wao wanamwita LC, naye anasubiri chake kwa kuweka saini. Kama ni ardhi ya familia, bila ridhaa ya mume au mke wa muuzaji mauzo hayana nguvu. Ukija kwenye kubadilisha fedha, kila ukivuka mtu anakata kipande. Halafu ukikodishwa, kuna kodi ya ardhi ya kila mwaka. Na ukiipangisha nyumba yako huku unaishi Tanzania, kumbuka Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamtoza mkazi kwa mapato yake ya dunia nzima. TRA hawaishii Murongo.

Hili siyo la Uganda peke yake. Kenya, Katiba ya mwaka 2010 nayo inampa mgeni miaka 99 tu, na ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na asilimia 2 shamba. Uingereza, tangu Aprili 2021, asiye mkazi anayenunua nyumba anaongezewa asilimia 2 juu ya kodi wanayolipa wengine. Kanada tangu Januari 2023 wamefunga mlango kwa wageni wengi kununua nyumba mijini. Mgeni ni mgeni, dunia nzima.

Na tuwe wakweli, makamanda: sisi ndio wagumu zaidi. Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mganda hawezi kuja Mabira akanunua kibanja. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilipoanza Julai 2010 tuliambiwa bidhaa, watu na mitaji vitapita. Lakini ibara ya 15 ya itifaki yake inasema suala la ardhi litafuata sheria za kila nchi, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kudai hivyo. Mimi siipingi hiyo. Ardhi ikiwekwa sokoni kwa kila mwenye hela, maskini wa kijijini ndiye wa kwanza kuhama. Ninachopinga ni serikali kusaini kitu kama hicho halafu kumwacha mwananchi wa mpakani aamini kwamba "Jumuiya" maana yake ni kununua popote.

Kuna anayesema, basi nitachukua uraia wa Uganda, yaishe. Ndugu yangu, Uganda wanaruhusu uraia pacha. Sisi hatuna. Mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, sheria yetu inamwondolea Utanzania. Yaani umepata nyumba Mbarara, umekuwa mgeni kwenye kibanja cha baba yako Mabira. Hadhi maalumu ya diaspora inayopigiwa debe siyo uraia. Kura hupigi.

Na sisi wa Kagera hatuhitaji kuhadithiwa mgeni hufanywa nini upepo ukigeuka. Mwaka 2013 Rais Kikwete alitoa siku 14 wahamiaji haramu waondoke, kisha Septemba ikaja Operesheni Kimbunga. Watu waliokaa hapa miaka na miaka waliondoka wakaacha nyumba, ng'ombe na migomba. Uganda nao mwaka 1972 waliwapa Waasia siku 90. Gharama hiyo haipo kwenye risiti yoyote, lakini ipo.

Sasa jiulize kwa nini kijana wa Kyerwa anaangalia ng'ambo. Kwa sababu hapa kibanja alichorithi hakijapimwa, hana hata hati ya kimila ya kupeleka benki, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ipo tangu 1999. Kwa sababu baba yake aliuza kahawa kwa butura ikiwa bado maua, kwa bei ya kudhalilisha. Wilaya yetu ina umri tangu 2012, CCM ndiyo inayoiongoza serikali muda wote huo, na bado kipande cha karatasi cha kumwambia mtu "hapa ni pako" kwa wengi hakijafika.

Kwa hiyo madai yetu vijana yawe matatu, na tuyapeleke kwenye kila mkutano wa kijiji na mbele ya kila mgombea, akiwemo wa kwetu. Moja, vijiji vipimwe na hati za kimila zitolewe. Mbili, pale Murongo na Mutukula pawe na dawati la kumweleza mwananchi sheria ya ardhi ya upande wa pili, bure, kwa Kiswahili. Tatu, mjadala wa uraia pacha urudi bungeni bila kupigwa danadana.

Na wewe uliye na hela mfukoni leo: kabla ya kulipa hata shilingi, uliza maswali manne. Hati ni ya nani? Ni ya aina gani? Mimi nisiye raia nitaandikwa kama nani? Kodi ya kila mwaka ni kiasi gani? Muuzaji akianza kukasirika, funga mkoba, rudi nyumbani.