Vijana, pango la Amboni halifiki Mombasa!

KIJANA mwenzangu unayeshinda kijiweni ukingoja ajira uliyoahidiwa kwenye kampeni, hebu nikuulize. Nani alikuambia pango la Amboni, pale Tanga, linatokea Mombasa? Nani alikuapia kwamba Wazungu wawili waliingia humo na mbwa wao, wakapotea, kisha mbwa akaibukia Kilimanjaro?

Umedanganywa mchana kweupe! Mwaka 1994 wataalamu wa Kijerumani na Kituruki waliingia na vipimo vyao. Walikuta mapango 10, na lililo refu kuliko yote lina mita 900 hivi. Mombasa iko zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo. Tena Amboni ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji, na Kilimanjaro ni mlima wa volkano. Njia ya chokaa itapenyaje huko?

Utasema hadithi haiui mtu. Inaweza kuua! Anayeamini kwamba mbele kuna mlango wa kutokea hatarudi nyuma tochi ikianza kufifia. Mle ndani, taa ikizimika, hujui kulia wala kushoto. Kuna njia za kutambaa kwa tumbo, kuna mashimo, na hewa huwa nzito pembe zisizopata upepo. Vumbi la kinyesi cha popo linaweza kubeba ukungu unaoshambulia mapafu. Na Mto Mkulumuzi uko jirani. Mvua zikikolea, hauna urafiki na mtu.

Historia ya kweli ipo, tena tamu kuliko uongo. Wazee waliingia humo kutambika, na sadaka bado zinaachwa. Miaka ya 1950 Osale Otango na Paulo Hamisi, walioitwa majambazi na mkoloni huku walalahoi wakiwasifu, wanasimuliwa kuwa walijificha humo. Februari 2015 risasi zilirindima kwenye mapango ya eneo hilo la Amboni, na mwanajeshi wetu mmoja akauawa. Wananchi walibaki wakinong'onezana, maana Serikali ikitakiwa kueleza hugeuka "siri kali".

Sasa tudai nini? Si maneno matamu. Tudai ramani ya pango ibandikwe mlangoni, kwa Kiswahili. Tudai kamba, taa za akiba na kikosi cha uokoaji kilichofunzwa. Tudai vijana wa Tanga wafundishwe kupima mapango yao na walipwe kwa kazi hiyo, badala ya kuendelea kunukuu vipimo vya wageni. Kiingilio kinakusanywa, kifanye kazi!

Vigogo wanapenda ngano, kwa sababu ngano haina risiti. Wanajua kijana akizoea kupima pango leo, kesho atapima bajeti, na keshokutwa atapima ahadi zao.

Kwa hiyo usiingie peke yako, usiingie bila mwongozaji, na usiingie na tochi moja. Ukitoka, uliza fedha za kiingilio zimekwenda wapi. Hilo ndilo pango lenye giza kuliko yote!