Harmonika za kweli ziletwe Eldoret

Mhariri,

Eldoret tunapenda muziki wa kantri, lakini anayetaka kupiga harmonika hapa anahangaika. Madukani nakuta magita, vinanda vya umeme vya kanisa na spika hadi mlangoni. Nikiulizia harmonika naletewa kidude cha watoto.

Mwezi uliopita nilinunua moja hapa mjini. Haikumaliza wiki mbili. Tundu la nne, nikivuta pumzi, lilitoa sauti iliyolegea, kisha likanyamaza kabisa. Nikafungua kifuniko kwa bisibisi: kilimi cha shaba, chembamba kuliko ukucha, kilikuwa kimepasuka shinani. Muuzaji hakuwa na cha kubadilishia.

Siombi ala za anasa. Hohner ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1857, inayo Special 20, ambayo mwili wake wa plastiki hauvimbi kwa mate kama mbao. Suzuki ya Japani ni nzuri pia, na Easttop ya China inamfaa kijana anayeanza. Jambo kubwa zaidi ni ufunguo. Harmonika ya kawaida ya matundu 10 hutengenezwa kwa ufunguo mmoja. Kwaya yetu ikiimba kwa E, yangu ya C inabaki mfukoni nami nakaa kimya hadi wimbo uishe.

Wenye maduka, leteni hata za G, A na D, tatu tatu, pamoja na sahani za vilimi vya akiba. Wapigaji tupo, na tumechoka kupanda basi hadi Nairobi kutafuta ala inayoenea mfukoni mwa shati.

Mpiga harmonika,
Langas, Eldoret