Joki ya Zakayo Imechacha: Mcheshi Atachekesha na Nini Sasa?

Huenda umeona hii kwa shoo za komedi. Mcheshi anasema tu "Zakayo", mbogi inapiga makofi hata kabla joki ianze. Joki yenyewe ikifika, kimya. Watu walipiga makofi ju wanakubaliana naye, si ju amewachekesha. Hapo ndio ngori iko.

Cheki venye tulifika hapa. Mei 2024, Mswada wa Fedha ulikuja na mpango wa kutoza mkate VAT ya 16%. Vijana walijaza mtandao na utani. Mcheshi aliyepanda jukwaani wiki moja baadaye alipata kila mtu ashasikia hizo stori, tena bure.

Zamani ilikuwa tofauti. Redykyulass walipomuigiza Moi kwa TV, kumuigiza rais tu kulitosha. Watu walicheka kwa sababu walikuwa wamefunga mdomo miaka mingi. Leo kila msee ana simu na anamchamba rais akiwa ndani ya mat. Jina la mkubwa pekee haliwezi beba joki tena.

Na usidhani hatari imeisha. Desemba 2024 vijana kadhaa walitekwa baada ya kupost picha za kumkejeli rais, na wengine wakaachiliwa Januari 2025. Kama kuchekesha kunaweza kukuletea Subaru mlangoni, basi angalau joki iwe kali.

So uandike nini? Acha habari, andika venye habari imekuingilia kejani. Chukua peslipu. Kila mtu anajua inakatwa 1.5% ya nyumba za serikali. Ukisema "serikali inatuibia", hiyo ni hotuba. Sasa jaribu hivi: "Kila mwezi nalipia nyumba mbili. Moja sijawahi iona, na nyingine ni singo ya Pipeline, nikitaka kugeuka lazima kwanza nitoke nje."

Umeona tofauti? Rais hajatajwa, lakini kila mtu anajua nani anaguswa. Kuna hesabu ya ukweli, kuna mtaa unaojulikana, na kichekesho kimewekwa mwisho kabisa. Ukiongeza hata maneno matatu baada ya "nje", unakanyaga kicheko chako mwenyewe.

Halafu ijaribu kwa shoo ndogo, watu ishirini hivi, usiiweke TikTok kwanza. Jirekodi sauti. Ukisikiliza baadaye, pale umeongea dakika nzima bila mtu kucheka, kata. Pale watu wamecheka mahali hukutarajia, chimba hapo. Rudia wiki ijayo na watu wengine. Joki ikichekesha mabeshte zako pekee, hiyo bado ni stori ya base.

Mtandao ni mzuri kwa kujulikana, lakini klipu ikishaenda, joki imeungua. Mtu hawezi toa doo ya tiketi kusikia kitu ametumiwa WhatsApp mara nne. Weka mtandaoni zile nyepesi, zile nzito zifichie jukwaa.

Na wewe shabiki, una kazi yako pia. Ukisikia "Zakayo" na hakuna joki inafuata, usipige makofi. Nyamaza tu. Mcheshi akirudi nyumbani na hiyo kimya, ataandika.