Mashua Kuukuu Zikaguliwe Kabla ya Kupakwa Rangi

Upepo wa kusi unapokolea, kati ya mwezi wa Juni na Agosti, mashua nyingi za pwani yetu hupumzishwa. Bahari kuu huchafuka, wavuvi wenye vyombo vidogo hubaki ndani ya miamba, na mwenye mashua kuukuu hupata nafasi ya kutenda aliloliahirisha mwaka mzima. Hukivuta chombo chake nchi kavu, akakiegemeza kwa miti karibu na nyumba yake na kuanza kukitengeneza. Ni kazi ya nyumbani hasa. Haifanywi katika karakana yenye milango ya chuma. Hufanywa chini ya mkungu au mnazi, kwa tezo, keekee na patasi, watoto wakisokota pamba ya kalafati na jirani akisimama kutoa shauri ambalo hakuombwa.

Kazi hii tunaiunga mkono kwa dhati. Wapo wanaoiona kuwa ni dalili ya umaskini, kwamba mtu anayehangaika na mbao zilizochakaa ni yule tu aliyeshindwa kununua boti mpya ya faiba. Hatukubaliani nao. Mashua ya mbao iliyotunzwa vyema huweza kurithiwa na mtoto kutoka kwa babake, ikabadilishwa matanga, mlingoti na injini mara nyingi huku umbo lake likibaki lile lile. Aidha, mwenye kuikarabati mwenyewe huijua ilivyo ndani na nje, na ujuzi huo humfaa siku ya mawimbi makubwa kuliko stakabadhi ya duka.

Hata hivyo, liko jambo ambalo wakuu wanaohusika na usalama wa vyombo vya majini, pamoja na wenye vyombo, hawana budi kulitafakari. Nalo ni wakati wa ukaguzi. Mashua inayofufuliwa nyumbani yapasa kukaguliwa ingali wazi, mbao mbovu zikiwa zimebanduliwa na mataruma yakionekana. Ikisubiriwa hadi itiwe rangi na kushushwa majini, mkaguzi ataona nini? Ataona rangi.

Rangi, msomaji, ni mwongo hodari. Hufunika ubao uliooza kama ifunikavyo ubao mzima. Mwenye mashua mwaminifu huitumia kuzuia jua na maji. Mwenye haraka huitumia kuficha asichotaka abiria wakione, na wakati mwingine asichotaka kukiona yeye mwenyewe.

Tuueleze ubovu wenyewe, maana wengi wanaopanda vyombo hivi hawaujui. Mashua haiozi kwanza pale mtu apaonapo. Huanza kuoza ngamani, kule chini kabisa ambako maji hutuama. Tena maji yaozeshayo zaidi si yale ya bahari, kwani chumvi huhifadhi mbao kwa kiasi fulani. Ni maji ya mvua. Mashua iliyoachwa ufuoni bila kifuniko msimu wa masika hujaa maji matamu, na maji hayo hupenya katika maungio ya mataruma na mkuku, mahali ambapo upepo haufiki kukausha. Baada ya misimu michache taruma huonekana zima kwa juu ilhali kwa chini limekuwa laini kama muhogo uliochemshwa. Upande wa nje nako kuna adui mwingine: kiumbe wa baharini mwenye mwili kama mnyoo, ingawa kwa nasaba ni jamaa ya kome na chaza, ambaye huingia katika ubao kwa tundu dogo mno na kuchimba mifereji ndani yake. Ubao wa namna hiyo huonekana salama hadi siku utakapogonga mwamba. Ndiyo maana wazee wetu walizoea kukivuta chombo pwani na kukipasha moto wa makuti upande wa chini, ili kuwaua wadudu hao kabla ya kukipaka deheni ya chokaa na mafuta.

Hakuna jicho, hata liwe kali namna gani, linaloweza kuutambua ubovu wa aina hii kwa kutazama tu. Fundi hutumia ncha ya kisu. Hudunga ubao shubiri kwa shubiri, na penye uzima kisu hukataa kuingia. Hugonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza, kwani ubao mzima hutoa mlio mkavu na ulioliwa hutoa mlio mzito usio na mwangwi. Husugua kutu kwenye vichwa vya misumari, maana msumari wa chuma unaooza hauozi peke yake: huulainisha pia mti unaouzunguka, na tundu lililokuwa la msumari mwembamba huwa pana hata msumari mpya usishike. Anayeng'oa msumari wa zamani na kupigilia mwingine wa ukubwa ule ule katika tundu lile lile amepoteza msumari na jasho. Yafaa tundu lizibwe kwa kijiti cha mti mgumu, au msumari mpya upigiliwe mahali pengine, nao uwe umepakwa zinki ili ustahimili maji ya chumvi.

Kisha kuna kosa la pupa, ambalo hufanywa zaidi na vijana wenye ari. Kijana huona mbao kumi mbovu, akazibandua zote kwa siku moja. Mashua iliyovuliwa mbao nyingi kwa pamoja husahau umbo lake. Mataruma hufunguka, mkuku hupinda kwa uzito, na mbao mpya zitakapopigiliwa zitafuata ule upotovu. Chombo kitakuwa kipya na kitakwenda upande maisha yake yote. Mafundi wa Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu kinachosifika kwa uundaji wa majahazi, hawatendi hivyo. Hutoa ubao na kuweka ubao, taruma kwa taruma, na chombo hukaa juu ya magogo yaliyosawazishwa muda wote wa kazi.

Kalafati nayo ina kanuni zake. Pamba iliyolowa mafuta husukumwa katika nyufa kwa patasi butu. Mtu asiyejua huishindilia kwa nguvu zote, akidhani anaziba vizuri zaidi. Lakini mbao zilizokaa juani kwa miezi miwili zimesinyaa, na zitakapoingia majini zitafura. Nyufa zilizoshindiliwa kupita kiasi hazitakuwa na nafasi ya kufumba, na nguvu hiyo itazisukuma mbao mpaka misumari ilegee. Kwa sababu hiyo mashua iliyotoka kutengenezwa huachwa ielee karibu na ufuo kwa siku kadhaa, ikivuja na kukumbwa maji, hadi mbao zikutane zenyewe. Mwenye kuipakia abiria siku ya kwanza anacheza na roho za watu.

Tunayataja haya kwa urefu ili ieleweke kwamba takriban kila jambo linaloamua usalama wa mashua hufanyika kabla ya rangi. Yaliyobaki baada ya hapo, kama vile idadi ya maboya ya kujiokolea, taa na namba ya usajili ubavuni, ni muhimu na ni lazima yatazamwe. Lakini boya halizuii taruma kuvunjika.

Kuna na suala la injini. Mashua nyingi zilizoundwa kwa ajili ya tanga sasa hubeba injini nyuma, na nguvu iliyokuwa ikivuta kutoka mlingotini sasa husukuma kutoka tezi. Mtikisiko wake hulegeza misumari ya sehemu ambayo muundaji wa kwanza hakuitazamia kubeba mzigo huo. Isitoshe, mbao mpya na injini huongeza uzito, kwa hiyo chombo kilichokuwa kikibeba watu 12 kwa salama huenda sasa kinafaa kubeba wanane tu. Njia ya kujua si kubahatisha. Ni kukipakia mifuko ya mchanga yenye uzito wa abiria, ndani ya maji yaliyotulia, na kutazama kimezama kiasi gani. Jaribio hilo halina gharama yoyote ila jasho.

Atakayesema kwamba tunawaandama wanyonge na kuviacha vyombo vikubwa akumbuke tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipopinduka Mtongwe na watu 272 wakapoteza maisha. Feri ile ilikuwa ya chuma, tena ya umma. Maji hayaulizi chombo ni cha nani. Tunachokidai kwa mashua ya mvuvi ndicho tulichokidai wakati huo kwa feri ya serikali, kwamba chombo kijulikane uwezo wake kabla ya watu kukanyaga ndani.

Sasa tuigeukie serikali, kwani itakuwa dhuluma kumtwika mwenye mashua mzigo wote. Sheria ya Usafiri wa Meli ya mwaka 2009 iliweka msingi wa usalama wa vyombo vyetu. Ofisi, hata hivyo, hufuata kalenda ya ukutani, ilhali mashua hufuata mwezi. Chombo kizito huvutwa nchi kavu wakati wa bamvua, maji yajaapo hadi juu ya ufuo, na kwa bamvua ndipo kitakaporudishwa. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Mwenye mashua akiambiwa amsubiri mkaguzi hadi Jumatatu, na bamvua ikapita Jumamosi, hatapoteza siku mbili. Atapoteza wiki mbili, na nyumba yake itakuwa bila kitoweo wala karo. Mtu wa namna hiyo, hata awe mwema vipi, atapaka rangi na kuondoka usiku.

Hivyo basi, ukaguzi uwafuate watu ufuoni katika miezi ya kusi, na ratiba yake ipangwe kwa jedwali la maji kupwa na kujaa, ambalo bandari zetu huwa nalo mwaka mzima kabla. Hili halihitaji sheria mpya. Lahitaji mkaguzi mwenye kisu, tochi na viatu vya kuingilia matopeni.

Vilevile, wakaguzi wasiende peke yao. Mtu aliyefunzwa kukagua boti za faiba na meli za chuma, hata awe na shahada, huenda hajui taruma la mti uliopinda kwa asili lina nguvu kuliko lililokatwa kwa msumeno kutoka ubao ulionyooka. Mafundi wazee wanajua. Waandikishwe, walipwe ujira wa siku, na sahihi yao ikubaliwe kando ya sahihi ya mkaguzi. Tumekwisha kupoteza mengi kwa kutowathamini. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi badala ya kupigiliwa misumari, ulitoweka katika bahari hii katika karne ya 20, na maarifa yake yakaondoka na walioyamiliki. Kinyume chake, mwaka 2018 mafundi wa Lamu waliunda jahazi kwa taka za plastiki, likapambwa kwa vipande vya ndara za rangi, na mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja. Wenye mikono ya kuweza hayo hawashindwi kutuambia ni mashua ipi inafaa kurudi majini.

Kuhusu mbao, tunafahamu ugumu wa kulinda misitu huku tukitafuta miti ya kazi. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na hatutaki ifyekwe. Lakini marufuku ya ukataji miti iliyotangazwa Februari 2018 iliwagusa wakata mikoko pamoja na wote wanaotegemea mti wao, na mtu aliyekosa taruma halali ana njia mbili tu: kununua la magendo, au kuliacha bovu lilipo na kulifunika. Kibali cha miti michache kwa mwenye mashua iliyokaguliwa, chenye kutaja idadi na ukubwa wa mataruma yaliyohukumiwa na fundi, kingelinda msitu na abiria kwa pamoja. Msitu haumalizwi na mtu anayetafuta taruma manne.

Gharama ya ukaguzi wa kwanza isitozwe. Mwenye mashua atakayeita mkaguzi kwa hiari yake, mbao zikiwa zimebanduliwa, apewe cheti bila malipo mwaka huo, na kibandiko cha kuonyesha hivyo kipigiliwe karibu na usukani ambapo kila abiria atakiona. Mpango huu waweza kujaribiwa katika fuo chache tu, tuseme Matondoni, Vanga na Kipini, kusi ijayo, kabla ya mashua za huko kuanza kushushwa mwezi wa Septemba.