Utaratibu Haukumwokoa Thomas Drake

Kila afisa wa ujasusi anapoanika siri za idara yake, sentensi moja husikika hata kabla hatujajua kafichua nini: angefuata utaratibu. Husemwa na wanasiasa, husemwa vijiweni, husemwa hata na watu wema wasiomtakia mabaya. Wanaamini kwamba idarani kuna mlango halali wa malalamiko, na kwamba aliyeumia kajitakia kwa kuupita. Imani hiyo si kweli, na inawaumiza zaidi wale waliokuwa waaminifu kuliko wote.

Thomas Drake alianza kazi kama afisa mwandamizi wa NSA, idara ya Marekani inayonasa mawasiliano, Septemba 11, 2001. Ndani alikuta mradi wa kuchambua mawasiliano, Trailblazer, uliokuja kumeza zaidi ya dola bilioni 1 na kufutwa mwaka 2006 bila kuzaa kilichoahidiwa. Wataalamu wa idara hiyohiyo walikuwa wamekwisha kubuni programu ya kazi hiyohiyo kwa gharama ndogo mno, ThinThread, yenye kinga kwa faragha ya raia, ikawekwa kando. Punde Wamarekani wakaanza kupelelezwa bila kibali cha mahakama.

Drake alimweleza bosi wake. Akawaona wanasheria wa idara. Akaenda kwa mkaguzi mkuu wa NSA, akazungumza na wachunguzi wa Bunge. Septemba 2002 wastaafu watatu wa NSA, William Binney, Kirk Wiebe na Ed Loomis, pamoja na Diane Roark, aliyekuwa mtumishi wa kamati ya ujasusi ya Bunge, walifikisha malalamiko rasmi kwa mkaguzi mkuu wa Wizara ya Ulinzi, kwa majina yao. Drake akawa shahidi wao kutoka ndani. Kama kuna utaratibu zaidi ya huo, sijausikia. Ripoti ya mkaguzi ilitoka 2004, ikawaunga mkono kwa mengi, kisha ikafungiwa kabatini kama siri.

Julai 26, 2007, maafisa wa FBI walivamia nyumba za wote wanne waliolalamika. Binney, mwanahisabati wa miaka 63 aliyeitumikia NSA kwa zaidi ya miaka 30, alikuwa anaoga. Walimkuta humo humo bafuni na kumwelekezea bunduki. Novemba ikawa zamu ya Drake. John Crane, afisa wa ngazi ya juu katika ofisi ileile ya mkaguzi, baadaye alidai hadharani kwamba wenzake ndio waliotoa majina ya walalamikaji, na kwamba nyaraka ambazo zingemsaidia Drake ziliharibiwa. Naye Crane akalazimika kuondoka kazini. Kesi ya nyani alipelekewa ngedere.

Najua nitakachojibiwa: Drake aliwasiliana na mwandishi wa gazeti la Baltimore Sun. Ni kweli, lakini baada ya milango yote ile kufungwa. Tena mashtaka 10 aliyofunguliwa Aprili 2010, yenye uzito wa kifungo cha miaka 35, hayakuwa ya kumpa mwandishi siri. Mengi yalihusu nyaraka zilizokutwa nyumbani kwake, na moja kati ya nyaraka hizo ilikuwa na alama ya "si siri". Juni 2011 kesi ikaporomoka. Drake alikiri kosa dogo la kutumia kompyuta kupita ruhusa aliyopewa, akapewa mwaka mmoja wa uangalizi na saa 240 za kazi za jamii. Jaji Richard Bennett aliikemea serikali mahakamani kwa kumweka Drake katika jehanamu kwa miaka minne.

Lakini hukumu nyepesi haimrudishii mtu maisha yake. Akiba ya Drake iliishia kwa mawakili, hadi akawa anatetewa na mawakili wanaolipwa na serikali kwa ajili ya wasio na uwezo. Pensheni aliyokuwa amebakiza miaka michache kuipata ilipotea. Mtu aliyekuwa miongoni mwa wakubwa wa NSA akawa anauza simu katika duka la Apple. Naye Jenerali Michael Hayden, aliyeiongoza NSA wakati wa Trailblazer, mwaka 2006 alipandishwa kuwa mkurugenzi wa CIA.

Sheria ya Marekani ya 1998 iliwaonyesha majasusi pa kupeleka malalamiko, ila haikuwapa njia ya kudai haki yao wakiadhibiwa kwa kulalamika. Edward Snowden, aliyewapa waandishi siri za NSA mwaka 2013, aliliona hilo. Amesema mwenyewe kwamba bila Drake kusingekuwa na Snowden. Kwa hiyo anayemlaumu Snowden kwa kuwakimbilia waandishi aanze na walioiua njia ya ndani.

Kwetu pia yupo mtu wa aina hiyo. David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya aliyetoa nyaraka za kashfa ya ufisadi ya Goldenberg, alikamatwa mwaka 1993 chini ya sheria ya siri za serikali. Mashtaka yalifutwa, kazi hakurudishiwa, akafa mwaka 2006 akiwa maskini.

Basi anayetaka kusema tena "angefuata utaratibu" atutajie kwanza ofisi ambayo haiko chini ya anayelalamikiwa, sheria inayomlipa fidia mlalamikaji akifukuzwa, na mkubwa mmoja aliyefungwa kwa kutoa jina la aliyemwamini.