Ramani Kwanza, Vinyago Baadaye

Katika klabu nyingi za michezo ya vita ya mezani, pambano hupangwa kwa namna moja. Kila mchezaji huleta jeshi la vinyago lenye thamani sawa na la mwenzake, tuseme pointi 2,000. Meza ya futi sita kwa nne hutandazwa vilima, miti na nyumba mbili tatu, majeshi hupangwa yakitazamana, na dadu huanza kurushwa. Wachezaji wengi wanaamini kwamba hapo ndipo uhodari wa jemadari unapopimwa kwa haki, na kwamba ramani ni pambo la wazee wenye muda wa kuchezea.

Imani hiyo ni potofu, na imewanyima wengi sehemu tamu kuliko zote ya mchezo wanaoupenda.

Jemadari huamua mambo makubwa kabla hajamwona adui: apite njia ipi, awagawe vipi watu wake, daraja gani aliwahi, nani abaki nyuma kulinda chakula na risasi. Meza inayoanza majeshi yakiwa yameshakutana imekwisha kumfanyia maamuzi hayo yote. Anachobakiwa nacho ni kukariri kanuni, kupiga hesabu na kuombea dadu. Ni sawa na kugawa ubingwa wa ligi kwa mikwaju ya penalti: ufundi upo, lakini ligi haijachezwa.

Mfano mzuri ni vita vya Tanga. Asubuhi ya 2 Novemba 1914, meli za Uingereza zilitokea mbele ya mji huo zikiwa na askari wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Wajerumani waliokuwa mjini walikuwa wachache mno. Mtu akiyapanga hayo mezani, pambano halimalizi nusu saa. Lakini nahodha wa manowari Fox alishuka kwanza kuutaka mji usalimu amri, saa zikapotea, na kwa hofu ya mabomu yaliyotegwa majini askari wakashushwa Ras Kasone badala ya bandarini.

Wakati huo reli ya Usambara ilikuwa kazini. Njia hiyo ya takriban kilomita 350, kutoka Tanga hadi Moshi, haiwezi kuenea kwenye meza yoyote ya klabu, lakini kwenye ramani inaonekana mara moja. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliitumia kuteremsha kampuni moja baada ya nyingine mpaka akawa na watu karibu 1,000. Usiku wa kuamkia tarehe 4 alipita mitaa ya Tanga kwa baiskeli, akiukagua mji kwa macho yake. Aitken hakuwa amefanya upelelezi wa maana. Siku hiyo shambulio lake lilivunjika, na tarehe 5 askari wake wakawa wanarudi melini, huku zaidi ya 800 wakiwa wameuawa, wamejeruhiwa au hawajulikani walipo.

Wasimulizi wa Tanga hupenda kutaja nyuki waliowashambulia askari siku ile. Nyuki wanaweza kuletwa mezani kwa kurusha dadu moja. Treni ya Moshi inahitaji ramani, ratiba, na mchezaji anayejua kwamba kila saa anayochelewa inamwongezea adui kampuni nyingine.

Wanaodai kwamba meza ndiyo asili ya mchezo waitazame upya historia yake. Mwaka 1812, Georg Leopold von Reisswitz alimtengenezea Mfalme wa Prussia meza ya fahari, yenye vipande vya ardhi vilivyofinyangwa kwa ustadi, vyenye mito, vilima na vijiji, ambavyo viliweza kupangwa upya kila mara. Ikawa burudani ya kasri. Mwanawe, luteni wa mizinga, aliiacha meza hiyo akahamia kwenye ramani za skeli ya 1:8,000, na mwaka 1824 akachapisha kanuni zake. Kila upande ulimwandikia mwamuzi amri zake, naye aliweka kwenye ramani vile vikosi tu ambavyo vingeweza kuonekana. Karl von Müffling, mkuu wa makao makuu ya jeshi, aliutazama mchezo huo akaupendekeza kwa jeshi zima. Meza ya baba ilibaki kwa mfalme. Ramani ya mtoto ilifundisha maofisa.

Karne moja baadaye hali ikawa hiyohiyo mjini Liverpool. Mwaka 1942, Kapteni Gilbert Roberts na mabinti wa jeshi la wanamaji walichora miraba sakafuni, wakasogeza meli juu yake. Maofisa walikaa nyuma ya turubai, wakichungulia kwenye tundu kile tu ambacho nahodha angekiona akiwa baharini. Humo ndimo zilimopatikana mbinu za kupambana na nyambizi za Wajerumani katika Atlantiki. Mchezaji anayeona kila kinyago cha adui toka dakika ya kwanza hajawahi kuonja mtihani huo.

Hoja nzito ya watetezi wa pointi ni haki. Kweli, pointi huwawezesha watu wawili wasiojuana kukutana kwenye mashindano na kumaliza mchezo jioni moja, na hilo si la kubezwa. Lakini marafiki wanaokutana kila wiki hawana sababu ya kujifunga hivyo. Ramani nayo ina haki yake: mwenye jeshi dogo hupewa kazi ya kumchelewesha adui, na akifanikiwa ameshinda hata akikimbia. Zaidi ya hayo, ramani ina kesho. Mchezaji atakayepigana tena wiki ijayo hatateketeza batalioni yake bora kwa ajili ya kilima kimoja, jambo ambalo hufanywa kila siku kwenye meza zisizo na kesho.

Kisingizio cha gharama hakina mashiko. Mwingereza Donald Featherstone alieneza njia inayohitaji viberiti tu. Ramani hugawanywa miraba, na kila mraba hupewa kisanduku chake cha kiberiti, vyote vikigundishwa pamoja kama kabati la droo ndogondogo. Kila upande huweka karatasi yenye jina la kikosi katika kisanduku cha mahali kilipo. Karatasi za maadui zikikutana katika kisanduku kimoja, hapo ndipo vinyago vinapotolewa na meza kutandazwa kwa sura ya ardhi ya mraba ule.

Klabu yoyote inaweza kuanza na Tanga msimu ujao: mwamuzi mmoja, ramani ya kutoka pwani hadi Moshi, meli upande mmoja na treni upande wa pili. Anayecheza kama Aitken aulizwe, kabla ya dadu yoyote, kama atashusha askari bandarini asubuhi ileile au atatuma mjumbe kwanza, na mwamuzi aanze kuhesabu saa.