Uongo wa Msitu Usioguswa

Magharibi ya Tasmania, kisiwa kilicho kusini ya bara la Australia, iko nchi isifiwayo kuwa haijapata kuguswa na mkono wa mwanadamu. Sifa hiyo ni tamu masikioni, lakini si kweli. Mwaka 1982 nchi hiyo ilitiwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia kwa jina lenye maana ya pori. Na ajabu ni kwamba orodha hiyo hiyo ilikiri thamani ya mabaki ya watu wa kale waliokaa humo. Jina likashinda ushahidi.

Watetezi wa jina hilo wana hoja moja kubwa, nayo ni mvua. Mahali pengi huko hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na penye maji hayo, wasema, msitu hujiotea. Basi na waeleze mbuga. Kando ya misitu ya Nothofagus, chini ya mvua ile ile, zimetanda mbuga pana za majani magumu juu ya udongo mweusi wa mboji. Mwaka 1968 W. D. Jackson alieleza kwamba moto ndio mwamuzi. Nchi ichomwayo mara kwa mara hupoteza miche ya msitu kabla haijazaa, rutuba hupungua, na majani yaishikayo huwaka tena upesi, hata siku chache baada ya mvua. Ikosapo moto kwa karne kadhaa, msitu hurudi.

Moto huo ni wa nani? Radi imo, lakini watu wamekaa Tasmania zaidi ya miaka 40,000, tangu ilipokuwa imeungana na bara. Katika pango la Kutikina, bondeni mwa mto Franklin, walikula nyama ya wanyama wa jamii ya kangaruu na kuchonga mawe wakati wa baridi kuu. Joto na unyevu viliporudi, msitu ulifunga bonde, nao wakaliacha pango yapata miaka 15,000 iliyopita. Hapo hali ya hewa ilikuwa bwana, na wasemao kwamba moto wa watu ulifanya kila kitu wamekosea vile vile.

Lakini watu hawakutoka kisiwani. Mwaka 1830 G. A. Robinson alipita kusini-magharibi akiongozwa na Truganini, Woorrady na wenzao, na shajara zake zinataja njia za wenyeji na nchi waliyoichoma. Ndiye pia aliyesimamia kuhamishwa kwao kwenda Flinders Island, ambako wengi walikufa. Huko Surrey Hills, ambako Henry Hellyer alisifu malisho mwaka 1827, sehemu za mbuga zilimezwa na msitu baada ya waliozichoma kuondolewa. Aitaye miti hiyo kazi ya maumbile peke yake huyaita maumbile matokeo ya ufukuzaji.

Januari 2016, baada ya ukame, radi iliwasha nyanda za juu. Ikafa miti ya Athrotaxis, jamii ambayo mingine huishi zaidi ya miaka 1,000 na haichipui ikiisha kuungua. Jamii hiyo ilikuwa imedumu kisiwa kimoja na wachomaji kwa makumi ya maelfu ya miaka. Wazao wa wachomaji hao wako hai Tasmania, wanachoma tena baadhi ya mbuga zao, na bado nchi ya babu zao inaitwa pori.